SOMO LA MWEZI: SIKU MOJA KATIKA MAGOFU YA KARTHAGO

Soma kwanza: Yohana 17:20–23 na Ufunuo 2:1–7.



Tukifundisha habari za Kanisa katika Afrika, mara nyingi twaanza na Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844. Lakini zaidi ya miaka 1,600 kabla yake, Waafrika walikuwa wakimkiri Kristo huko Karthago, mji wa pwani katika nchi ya Tunisia. Basi twendeni pamoja, kama tulivyotembezwa sisi siku moja na kiongozi wa wageni.

1. Kilima cha Byrsa

Asubuhi tulipanda gari moshi mjini Tunis. Reli hupita juu ya tuta lililokatiza ziwa, na kabla jua halijawa kali tulikuwa Karthago. Juu ya kilima cha Byrsa unaona bahari na magofu yaliyotapakaa katikati ya nyumba za watu. Warumi waliuharibu mji huu mwaka 146 kabla ya Kristo, kisha wakaujenga upya ukawa mji mkuu wa jimbo lao lililoitwa Afrika. Jina la bara letu lilienea kutoka hapa.

2. Uwanja wa mashahidi

Kutoka hapo tulikwenda kwenye uwanja wa michezo, ambao sasa umebaki duara la mawe na majani. Ndani yake kimejengwa kikanisa kidogo cha kuwakumbuka Perpetua, Felisita na wenzao, waliouawa tarehe 7 Machi mwaka 203. Perpetua alikuwa mama kijana wa miaka 22 hivi, mwenye mtoto anayenyonya. Baba yake alimsihi kwa machozi akane imani, naye hakukubali. Felisita alikuwa mtumwa mjamzito. Alijifungua gerezani siku chache tu kabla ya kufa. Bibi mwenye cheo na mtumwa walisimama bega kwa bega.

Tusimsahau mwalimu wao, Saturus. Wanafunzi wake wa ubatizo walipokamatwa, yeye hakuwapo. Angeweza kujificha. Lakini alijitoa mwenyewe ili awe pamoja nao. Sisi tulio walimu wa dini tulinyamaza kimya tuliposikia habari hiyo.

3. Basilika ya Mtakatifu Sipriani

Karibu na bahari yako magofu ya kanisa linaloitwa kwa jina la Sipriani, Askofu wa Karthago. Wakati wake Wakristo wengi walianguka katika mateso ya mwaka 250. Mateso yalipopungua waliomba kurudi. Wengine walitaka wafukuzwe kabisa, wengine wapokewe mara moja bila swali. Sipriani alifundisha kwamba mlango wa toba usifungwe, wala usidharauliwe. Tauni ilipoingia mjini, aliwahimiza Wakristo kuwatunza wagonjwa, hata wale waliowatesa. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba mwaka 258.

4. Damous el Karita

Mwisho tulifika kwenye magofu ya kanisa kubwa sana, lililokuwa na njia tisa zilizotengwa kwa nguzo. Mmoja wetu alimwuliza kiongozi, "Kanisa lenyewe liko wapi sasa?" Alinyosha mkono, akatuonyesha mawe.

Hapa ndipo penye fundisho letu. Mwaka 411 maaskofu zaidi ya 500 walikutana Karthago, Mtakatifu Augustino akiwa mmoja wao. Hawakukutana kwa furaha. Walikuwa makundi mawili yaliyogawanyika karibu miaka mia, kwa ugomvi uliotokana na wale waliosalimisha Maandiko wakati wa mateso. Katika miji mingi kulikuwa na maaskofu wawili, kila mmoja na watu wake. Ilipofika mwaka 1053, maaskofu waliobaki katika nchi zile walikuwa watano tu.

Je, tuseme ni kwa sababu Waarabu waliutwaa mji mwaka 698? Hiyo ni sababu mojawapo, wala haitoshi. Misri nayo ilitwaliwa na Waarabu, na Kanisa lake liko hata leo. Wamisri walikuwa na Maandiko katika lugha yao ya Kikopti. Lakini Karthago ilisoma na kusali kwa Kilatini, na hakuna Biblia ya zamani zile inayojulikana katika lugha za Waberberi wa mashambani. Tukiongeza na ugomvi wa ndani pamoja na vita vingi, twaona jinsi nyumba kubwa ilivyodhoofika kabla haijaanguka.

Ndugu, wingi wetu wa Jumapili usitudanganye. Twazijua nyumba zilizoacha kusalimiana kwa ajili ya uchaguzi wa wazee wa kanisa. Twawajua walioanguka, wakaona haya kurudi, na hakuna aliyewafuata. Twawajua pia mabibi zetu wasioelewa mahubiri kwa sababu hakuna awafasiriaye.

Hata hivyo, Bwana hakuiacha pwani ile. Mjini Tunis liko Kanisa la Anglikana la Mtakatifu George, na tangu mwaka 2020 Dayosisi ya Afrika Kaskazini imo katika Jimbo la Aleksandria. Tuwaombee.

Maswali ya kujadiliana

1. Saturus atufundisha nini juu ya kazi ya mwalimu?
2. Nani katika mtaa wetu angependa kurudi, na nani atamwendea wiki hii?
3. Ni ugomvi gani twaweza kuumaliza kabla ya Komunyo ijayo?

Sala

Ee Bwana, uliyewapa mashahidi wa Karthago ushujaa hata kufa, utuponye na mafarakano yetu, utufundishe kuwapokea wanaorudi, wala usiiondoe taa yako katikati yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.