Kwotabeki mwenye mbio ajifunze kutulia

SWALI: Mwanangu ni kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, wa timu ya futiboli ya Marekani ya shule yake hapa Columbus, Ohio. Ana mbio sana, lakini adui akimkaribia tu anatimka na mpira hata kama wenzake wako wazi. Atajifunzaje kusimama nyuma ya walinzi wake na kurusha?

JIBU: Kwanza, msimkataze kukimbia. Mbio zake ni hazina, na wapinzani wanaziogopa. Tatizo liko machoni: anamtazama anayemjia badala ya wapokeaji.

Anzeni na miguu. Kila pasi ina hatua zake za kurudi nyuma. Hatua ya mwisho ikikanyaga, mpira uwe tayari kwenda kwa mpokeaji wa kwanza. Mpokeaji huyo amebanwa? Hatua ndogo mbele, macho kwa wa pili, kisha wa tatu. Wote wakibanwa, hapo ndipo akimbie. Zoezi ninalolipenda: mtu amsukumesukume kwa mto, nawe mzazi simama mbali mbele yake ukionyesha vidole. Ataje idadi yake bila kuinamisha macho.

Inawezekana kubadilika: kwotabeki Josh Allen wa Buffalo Bills alifikisha asilimia 52.8 tu ya pasi zake mwaka 2018. Mwaka 2020 alifikisha 69.2. Alirekebisha mwendo wa miguu na nyonga zake, na pia alimpata mpokeaji hodari, Stefon Diggs; tusimsifu yeye peke yake. Na hakuacha kukimbia.

Mwombe kocha ampe mwanao pasi fupi za haraka kwanza, zenye wapokeaji wawili tu wa kuwasoma.