Pango la Noeli lina lengo gani?



Aristotle anafundisha kwamba kitu huelezwa kwa sababu nne: maada, umbo, mtendaji na lengo. Mwaka jana nyumbani tulifinyanga sanamu za udongo, tukajenga pango kwa majani ya migomba, tukapika pilau. Maada, umbo na watendaji, vyote vilikuwepo. Lengo tulilisahau: bibi jirani yetu, mjane, alikula Noeli peke yake.

Mwaka 1223, kule Greccio, Italia, Mtakatifu Fransisko aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda. Yeye alianza na lengo: kuuona kwa macho umaskini aliozaliwa nao Mtoto Yesu.

Mwaka huu, kabla ya kuorodhesha mchele na mapambo, tuandike kwanza jina la mgeni. Wewe utamwandika nani?