Somo la Makanika: Mpira wa Kuziba Tundu la Kolone ya Direksiyo



Hapa Ndosho tunaona kila siku jipu za zamani zikipita kuelekea Sake ao zikirudi mjini: Land Cruiser za aina ya 40, zilizotengenezwa Japani tangu 1960 mpaka 1984, ndugu zao za aina ya 70, na Land Rover za Uingereza. Ni gari zenye nguvu. Lakini ndani ya nyingi kuna mpira mdogo uliokwisha kupasuka, na shofere anapumua kile kisichofaa kupumuliwa. Katika somo hili tutajifunza kazi ya mpira huo na namna ya kuweka mpya.

I. KAZI YAKE

Kati ya motere na miguu ya shofere kuna ukuta wa bati. Kolone ya direksiyo, ni kusema chuma kirefu kinachotoka kwa volani, inapita katika tundu la ukuta huo na kushuka mpaka kwenye sanduku la direksiyo linalogeuza magurudumu. Tundu ni kubwa kuliko chuma, maana chuma lazima kizunguke bila kugusa bati. Nafasi inayobaki inazibwa na mpira, na mara nyingi mpira wenyewe unashikwa na kibati chenye bulo ndogo.

Mpira huo unazuia vitu vine: vumbi, maji, joto la motere na moshi.

Juu ya nini unachakaa? Joto linaukausha, mafuta yanaulainisha, na chuma kinausugua kila mara shofere anapokata kona. Kwetu Goma kuna adui mwingine tena. Mji wetu umejengwa juu ya majiwe ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto mwaka 1977, 2002 na 2021. Vumbi la majiwe hayo ni kali. Likiingia kati ya mpira na chuma, linafanya kazi ya tupa.

II. HATARI YAKE

Wengi wanasema: "Vumbi tu, tutapanguza." Vumbi si neno kubwa. Neno kubwa ni moshi.

Sisi watu wa Goma tunajua mazuku. Ni gazi ya kaboniki inayotoka ndani ya udongo. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala katika mabonde, na mbuzi ao mtoto akishuka humo anaweza kufa. Motere nayo inatoa gazi nyingine, monoksidi ya kaboni. Hii hailali chini kama mazuku, maana uzito wake ni karibu sawa na wa hewa. Inaenea pahali pote ndani ya gari. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu, inashikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mwili unakosa oksijeni hata kama mtu anaendelea kupumua.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Shofere anafikiri amechoka na safari. Dawa ya kwanza ni kusimamisha gari, kuzima motere na kutoka wote kwenye hewa safi. Akizirai mtu, apelekwe hospitali mara moja.

Motere ya esanse inatoa gazi hii nyingi kuliko ya mazutu. Lakini wenye mazutu wasijisifu: mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani, kwa njia ya kituo chake cha utafiti wa kansa, lilitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa.

Angalieni vizuri: mpira ni mlango tu. Ukisikia moshi ndani ya gari, tafuta pia pahali moshi unapotokea, zaidi sana pale bomba la moshi linapoungana na motere. Kufunga mlango na kuacha moto ukiwaka si kazi ya fundi.

III. NAMNA YA KUFANYA

Vyombo: kile za milimita kwa Toyota, mara nyingi 10, 12 na 14, kile za inchi kwa Land Rover za zamani, burashi ya chuma, rangi kidogo, kamba, taa na mpira mpya.

1. Weka gari pahali sawa. Vuta freni ya mkono, weka majiwe kwa magurudumu, acha motere ipoe. Ondoa waya wa kutoa wa batri.

2. Nyoosha magurudumu ya mbele, kisha funga volani kwa kamba isizunguke.

3. Pahali kolone inapoungana na kardani yake, tia alama ya rangi kwa vipande vyote viwili. Bila alama utarudisha vibaya, na volani itakaa upande wakati gari inakwenda mbele.

4. Tazama kwanza namna mpira umefungwa. Mpira mwingine umekatwa upande mmoja na unatoka bila kufungua kolone. Ukiwa wa namna hiyo, ruka namba 5.

5. Ondoa kabisa bulo inayobana kardani. Kuilegeza hakutoshi, maana bulo inapita katika mfereji wa chuma. Vuta kardani polepole. Hapana kupiga kolone kwa nyundo! Kolone nyingine zimetengenezwa zijikunje wakati wa ajali ili zisimchome shofere kifuani; nyundo inaharibu ulinzi huo.

6. Fungua kibati, toa mpira wa zamani. Usiutupe: utakuonyesha upande gani wa mpira mpya unatazama motere.

7. Safisha bati, ondoa kutu, paka rangi, ngoja ikauke. Pitisha kidole kwa chuma cha kolone. Kikiwa na kutu, kilainishe kwa karatasi laini ya msasa, la sivyo kitakata mpira mpya. Tikisa kolone juu na chini: ikicheza sana, kifaa kinachoishika kimekwisha, na kitengenezwe kwanza.

8. Ingiza mpira mpya kwa maji ya sabuni. Hapana kupaka mafuta ya motere, maana mipira mingi inavimba ikikutana nayo. Mpira usijikunje wala kujipinda.

9. Rudisha vyote kwa kufuata alama. Bulo ya kardani ipite vizuri katika mfereji wake na ikazwe kwa nguvu inayoonyeshwa na kitabu cha gari. Halafu mtu wa pili aikague kwa mkono wake. Bulo hii ikitoka njiani, volani inazunguka bure na gari inakwenda inakotaka. Hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuwasha gari kabla ya ukaguzi huo.

IV. KAMA MPIRA HAUPATIKANI

Mafundi wetu wanakata shambrere ya gurudumu, matabaka mawili, na tundu dogo kidogo kuliko chuma. Ni msaada wa muda. Shambrere inazuia hewa vizuri lakini haivumilii mafuta. Itazamwe kila mwezi. Lakini matambara, hapana kabisa. Tambara lenye mafuta karibu na bomba la moshi linaweza kushika moto, na tena linaweza kujizungusha kwa kolone na kuzuia volani.

V. KUPIMA KAZI

Usiku, mmoja ashike taa upande wa motere, mwingine alale chini ya volani. Pahali mwanga unapoonekana, moshi pia utapita. Kagua pamoja matundu ya pedali na ya nyaya. Mwisho, zungusha volani mpaka mwisho wa kushoto na wa kuume: isikwame wala kulia. Jaribu gari polepole katika uwanja kabla ya kutoka barabarani.

Mwenye gari analipa haraka akiona gurudumu limepasuka. Kwa mpira huu atasema: "Tutaona kesho." Ni kazi yetu kumweleza, maana wanaokaa ndani ya gari ni watoto wake na jirani zake.

MAULIZO

1. Taja vitu vine ambavyo mpira huu unazuia.
2. Mazuku na gazi ya motere zinatofautiana namna gani?
3. Juu ya nini tunatia alama kabla ya kufungua kardani?
4. Shofere anaumwa kichwa, na abiria wake wanasinzia saa tatu asubuhi. Utafanya nini kwanza? Kisha utatafuta nini katika gari?