Macho Mawili Yasiyolingana: Kuona kati ya Upasuaji wa Kwanza na wa Pili

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia katika lenzi, yaani kile kiungo kiangavu kilicho nyuma ya mboni. Si utando unaoota juu ya jicho kama wengi wadhanivyo, wala haufutiki kwa dawa ya matone au ya mitishamba. Tiba yake ni upasuaji: daktari huitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka mahali pake lenzi ndogo ya plastiki. Kwa kawaida ugonjwa huu huyapata macho yote mawili, lakini mara nyingi macho hayo hayapasuliwi siku moja. Moja hutibiwa, la pili hungoja wiki kadhaa, pengine miezi. Katika kipindi hicho mgonjwa ana macho mawili yanayopeleka ubongoni habari zisizopatana.

Chukua mfano wa mkulima mzee wa pamba katika kata ya Zagayu, mkoani Simiyu. (Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, hapo awali sehemu hizo zilikuwa katika wilaya ya Bariadi, mkoani Shinyanga.) Jicho lake la kulia limetibiwa, la kushoto bado. Hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko mbali, jijini Mwanza. Hata upasuaji ukifanyika karibu zaidi, kazi za shamba hazimngoji mtu, na safari ya pili huahirishwa kwa urahisi. Je, mzee huyu anaona nini?

Jambo la kwanza atakaloliona ni rangi. Lenzi ya binadamu hugeuka manjano, kisha kahawia, kadiri miaka inavyopita, na hivyo huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa buluu. Badiliko hilo huja polepole mno, na ubongo hulisahihisha: shuka nyeupe huendelea kuonekana nyeupe. Baada ya upasuaji, mwanga wa buluu huingia tena kwa wingi katika jicho la kulia. Mzee akifumba jicho la kushoto, anga huwa ya buluu kali; akifumba la kulia, anga hiyo hiyo huwa kama inayotazamwa kupitia chai ya rangi.

Kwa mkulima wa pamba jambo hili si la kustaajabia tu. Pamba hutenganishwa katika madaraja mawili, pamba safi na pamba fifi, na bei zake hazilingani. Anayechambua hutafuta madoa ya manjano juu ya weupe. Lenzi ya manjano hupunguza tofauti baina ya manjano na nyeupe, kama vile wino mwekundu unavyofifia ukitazamwa kupitia karatasi nyekundu ya plastiki. Kwa hiyo mzee wa Zagayu afanye uchambuzi huo kwa jicho lililotibiwa, na katika mwanga wa mchana.

Claude Monet, mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, alipatwa na hali iliyo karibu na hiyo. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akalalamika kwamba vitu vimekuwa vya buluu kupita kiasi, akajaribu miwani za rangi. Jicho la kushoto hakukubali lipasuliwe hadi alipofariki mwaka 1926. Taabu yake ilizidi ya mzee wetu, kwa kuwa siku hizo lenzi ilitolewa bila kuwekwa nyingine. Lenzi ya kwanza ya plastiki iliwekwa na Harold Ridley, daktari wa Uingereza, mjini London mwaka 1949, na ilichukua miongo kadhaa kuenea. Waliopasuliwa zamani walivaa miwani nene za dayopta 10 hivi, zilizokuza taswira kwa kadiri ya robo. Ubongo hauwezi kuunganisha taswira iliyokuzwa kiasi hicho na ile ya jicho la pili.

Siku hizi tofauti ni ndogo, lakini haijaisha. Aina moja ya mtoto wa jicho huifanya lenzi ikunje mwanga kupita kiasi, na mtu huwa haoni mbali. Tuseme jicho la kushoto la mzee lina kasoro ya dayopta 4, na la kulia, baada ya upasuaji, halina kasoro. Dayopta ni 1 kugawanywa kwa umbali kwa mita. Basi jicho la kushoto bila miwani laona vizuri zaidi kitu kilicho mita ¼, yaani sentimita 25. La kulia laona mbali, lakini lenzi ya plastiki haibadiliki umbo ili kutazama karibu. Baadhi ya watu huzoea mgawanyo huu: jicho moja la barabarani, jingine la kusomea, ikiwa ukungu haujawa mzito.

Taabu huanza anapovaa miwani. Kila dayopta moja ya miwani hubadili ukubwa wa taswira kwa asilimia 1.5 hadi 2 hivi. Tofauti ya dayopta 4 huleta asilimia 6 hadi 8, nayo watu wengi huanza kushindwa kuunganisha taswira inapopita asilimia 5. Kichwa huuma, ngazi huonekana kuinama. Ndiyo sababu miwani ya zamani isivaliwe kwa kukisia, na ile mpya kwa kawaida hungoja wiki 4 hadi 6 jicho litulie.

Liko jambo la tatu lisilojulikana sana, nalo lafaa kujaribiwa darasani. Jicho linalopata mwanga hafifu hupeleka habari zake kwa kuchelewa kidogo. Funga jiwe kwenye uzi wa mita 1, ulibembeze kushoto na kulia, sentimita 20 kila upande wa katikati. Mwanafunzi asimame mita 2 mbele yake, macho yote wazi, huku jicho la kushoto limefunikwa kwa kioo cheusi cha miwani ya jua. (Kioo hicho kisitumiwe kamwe kutazamia jua.) Jiwe litaonekana likizunguka: likienda kulia lapita mbali, likirudi kushoto lapita karibu. Carl Pulfrich wa Ujerumani alilieleza jambo hili mwaka 1922, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akiona kwa jicho moja tu.

Hesabu yake si ngumu. Katikati ya mwendo jiwe lina kasi ya sentimita 63 hivi kwa sekunde. Jicho la kushoto likichelewa kwa sekunde 0.01, litaliona sentimita 0.63 nyuma ya mahali lilipo. Macho yakiwa yametengana sentimita 6.5, pembetatu zinazofanana zatoa umbali wa 200 × 6.5 ÷ (6.5 − 0.63), yaani sentimita 221. Jiwe limesogezwa nyuma sentimita 21 na macho tu. Wanafunzi watafute wenyewe umbali wake likirudi.

Ukungu wa jicho la kushoto waweza kufanya kazi ya kioo hicho cheusi. Baiskeli inayopita kutoka kushoto kwenda kulia yaweza kuonekana mbali kuliko ilivyo. Ukubwa wake na ardhi inayoizunguka humsaidia mtazamaji kujisahihisha, lakini ni salama zaidi kungoja ipite kabisa. Nyumbani, shingo ya chupa iguse ukingo wa kikombe kabla ya kumimina.

Hayo yote ni usumbufu wa kawaida. Maumivu makali, wekundu unaozidi, uoni kupungua ghafla, vimulimuli, au kivuli kama pazia si vya kawaida; mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Ukungu unaokuja polepole miezi au miaka baadaye huwa mara nyingi katika kifuko kilichoshika lenzi, nao husafishwa kwa mwanga wa leza.

Muda wa kungoja una faida moja pia. Daktari hupima jicho la kwanza limeishia dayopta ngapi, na kipimo hicho humsaidia kuchagua lenzi ya jicho la pili.