Protini ya Ukuaji na Mkono Unaotetemeka
Mkono wa mvuvi wa Ujiji mwenye ugonjwa wa Parkinson hutetemeka ukiwa umetulia pajani, nao hupoa anaposhika wavu. Ndugu husema ni uzee. Kumbe seli zitoazo dopamini ubongoni zinakufa. Protini ya ukuaji GDNF, iliyotangazwa mwaka 1993, hushikana na kipokezi-mwenza, kisha huamsha kipokezi cha RET, nacho hupeleka ndani ya seli ishara za kuihifadhi. Tatizo ni njia: protini hiyo haivuki kutoka damuni kuingia ubongoni. Huko Bristol, Uingereza, ilitiwa ubongoni moja kwa moja; matokeo ya mwaka 2019 hayakuthibitisha nafuu iliyotarajiwa. Kwa sasa tegemeo la mgonjwa ni levodopa, nayo huanza na utambuzi. Wilayani Hai utafiti uliwapata wagonjwa 33, wengi wao wakiwa hawajawahi kutambuliwa.