Kinu cha Nyuklia Kikipata Ajali: Mkulima na Mfugaji Ajipange Vipi?

Kenya inapanga kinu chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia, na Uyombo kule Kilifi na Siaya kando ya Ziwa Victoria zimeshatajwa. Kijengwe au kisijengwe, hilo nawaachia wananchi wa huko. Mimi kazi yangu ni shamba. Leo tujifunze kwa wakulima wa Fukushima, Japani.

Duara kwenye ramani halikutosha

Kabla ya 2011, maandalizi ya dharura Japani yalilenga eneo la kilomita 8 hadi 10 kutoka kwenye kinu. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko na tsunami vikakata umeme wa kupozea vinu vya Fukushima Daiichi. Waliokuwa ndani ya kilomita 20 wakaamriwa kuondoka. Kumbe upepo uligeukia kaskazini magharibi, mvua na theluji zikashusha chembe za mionzi kijiji cha Iitate, kama kilomita 40 kutoka kinuni. Hawa, wengi wao wakulima na wafugaji, waliambiwa wahame zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

Ndipo mwongozo ukarekebishwa. Sasa walio ndani ya kilomita 5 huondoka mapema. Kuanzia hapo hadi kilomita 30, watu hujifungia ndani kwanza, kisha vipimo vya mionzi huamua.

Hasara iliingia kupitia malisho

Mabua ya mpunga yaliyoachwa nje yalinasa mionzi, ng'ombe wakalishwa, nyama ikazidi kiwango. Julai 2011 serikali ikazuia ng'ombe wa mkoa wa Fukushima kwenda sokoni. Ng'ombe walioachwa ndani ya kilomita 20, wengi walikufa njaa.

Ukipewa tahadhari, fanya hivi

1. Ingiza mifugo bandani, funga milango na madirisha.
2. Funika malisho, kisima na matangi kwa turubai. Malisho yaliyokuwa ndani ndiyo ya kulisha.
3. Usivune, usikate majani, usiuze maziwa mpaka yapimwe.
4. Ukiambiwa ondoka, ondoka. Waachie mifugo maji na chakula cha kutosha kama muda upo.
5. Beba kumbukumbu: idadi ya mifugo, ekari, risiti za mauzo. Bila hizo utadaije fidia?

Baada ya ajali

Ayodini 131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo hatari yake kubwa iko kwenye maziwa na mboga za majani za wiki za mwanzo. Sizium 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na hukaa kwenye udongo wa juu. Wajapani walikwangua kama sentimita 5 za juu, wakaongeza mbolea ya potashi ili mpunga usinyonye sizium. Kuanzia 2012 walipima kila gunia la mchele wa Fukushima, kiwango kikiwa bekereli 100 kwa kilo. Hata hivyo, kurudisha imani ya mnunuzi kulichukua miaka.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye baraza la kujadili kinu, usiulize ajira tu. Uliza: mifugo yetu itapelekwa wapi? Maziwa yatapimwa wapi, na nani? Fidia italipwa kwa vigezo gani? Majibu yawe yameandikwa kabla msingi haujachimbwa.