Malengelenge na Sugu za Mikono

Katika juma la pili la kulima shamba la shule, niliingia darasa la Kidato cha Kwanza nikaona jambo lililonishangaza. Wanafunzi walikuwa wakishika kalamu kwa ncha za vidole, kama watu walioshika kaa la moto. Nikawaambia wainue viganja vyao juu. Zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na malengelenge. Wengine walikuwa wamekwisha kuyachuna kwa meno, nyama ikabaki wazi. Mmoja alikuwa amepaka majivu, na mwenzake amepaka dawa ya meno. Nilipowauliza kwa nini hawakusema, wakanyamaza. Kisha mmoja akajibu kwa sauti ndogo kwamba wakubwa bwenini wangewacheka.

Siku ile tuliacha somo la majani tukasoma habari za viganja, na Mhariri ameniomba niandike maneno yale yale hapa, ili wazazi nao wayasome.

Ngozi ya kiganja si kama ngozi ya mahali pengine mwilini. Ni nene, haina nywele, na ina vitundu vingi sana vya jasho, lakini haina tezi za mafuta hata moja. Juu yake kuna tabaka la chembe zilizokufa, zilizojaa kitu kiitwacho keratini, ndicho kile kile kilichomo katika kucha zetu na pembe za ng'ombe. Chini yake kuna chembe hai. Mpini unapokivuta kiganja huku na huku, tabaka la juu hukwama na mpini, na mifupa iliyo chini huenda na mkono. Chembe zilizo katikati huvutwa pande mbili, mwisho huachana, na ufa ule hujaa maji yatokayo mwilini. Hilo ndilo lengelenge. Basi kinacholileta si uzito wa jembe wala ugumu wa ardhi peke yake, bali ni ule mvutano wa kwenda na kurudi mahali pale pale.

Lakini mvutano huo ukiwa mdogo, nao ukarudiwa siku nyingi, ngozi haipasuki. Huongeza chembe zake za juu na kuwa nene. Hiyo ni sugu. Lugha yetu yenyewe imekwisha kutuambia asili yake, maana tukilitazama neno sugu twaona kwamba ni ndugu yake kusugua. Kwa hiyo lengelenge na sugu ni watoto wa baba mmoja, ila mmoja amezaliwa kwa haraka na mwingine kwa taratibu.

Wala jambo hili si la wakulima tu. Wavuvi walipatao kasia, wavuta kamba, na hata wale wanaoteleza juu ya maji kwa vibao huku wakivutwa na motaboti, wote wana kilio kimoja. Mchezo huo wa mwisho ulianzishwa mwaka 1922 na kijana wa Marekani aitwaye Ralph Samuelson, katika Ziwa Pepin, Minnesota, na wachezaji wake hadi leo hulalamika juu ya viganja, kwa sababu mwili mzima wa mtu huvutwa kwa kijiti kidogo alichokishika mkononi.

Sasa, tuzuieje? Tuanze na jembe lenyewe. Mpini mpya una nyuzi za mti zinazochoma. Ulainishwe kwa msasa, au kwa kipande cha chupa kama mafundi wetu wa vijijini wanavyofanya, kisha upakwe mafuta kidogo na kuachwa yanywewe na mti. Jembe linalocheza kwenye mpini wake lipigwe kabari, maana likicheza mkono nao hucheza. Tena mpini mwembamba mno humlazimu mtu kuukamata kwa nguvu, na hapo ndipo penye kosa kubwa la wanafunzi wote niliowafundisha. Hukaza vidole tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba jembe litatoroka! Mtazame mkulima mzoefu. Jembe likipanda, mkono wake umelegea. Hukaza kidogo tu wakati wa kulitua, na kuliacha lianguke kwa uzito wake. Mkono mmoja hukaa mahali pake, na mwingine huteleza juu ya mpini bila kung'ang'ania. Kila baada ya kitambo hubadilisha mkono wa mbele uwe wa nyuma.

Na mate je? Wengi hutema mate viganjani kabla ya kuanza kazi. Ni kweli kwamba unyevu kidogo huufanya mkono ushike vizuri, lakini kushika vizuri kupita kiasi ndiko kunakoikwamisha ngozi na kuivuta. Ni afadhali kuwa na kitambaa kikavu kiunoni, ukafuta jasho la mikono na la mpini mara kwa mara. Glavu za kazi nazo zafaa, mradi zimkae mtu barabara. Kubwa mno hukunjamana na kuleta malengelenge mapya. Simwoni mwenye kuvaa glavu kuwa mvivu, na nisingependa mwanafunzi yeyote amwite hivyo.

Jambo lingine ni muda. Mtoto aliyekaa mjini likizo nzima hawezi kulima saa mbili siku ya kwanza. Nusu saa yatosha, kisha aongezewe siku kwa siku, na baada ya majuma kadhaa viganja vitakuwa vimejijengea sugu nyembamba za kutosha. Akisikia joto mahali pamoja kiganjani, hiyo ni taarifa: lengelenge liko njiani. Asimame, afunge mahali pale kwa plasta au kitambaa safi, au abadilishwe kazi. Na hapa naomba radhi kwa walimu wenzangu na viranja: kumpa jembe kwa adhabu mtu ambaye mkono wake umekwisha kutoka lengelenge si kumfunza adabu, ni kumtia jeraha.

Likiisha kutoka, dogo liache lilivyo, lifunike tu. Ile ngozi ya juu ni paa lake, na hakuna bandeji ya dukani iliyo bora kuliko hiyo. Chini yake ngozi mpya huanza kujengwa mara moja, na kwa siku tano hivi huwa imepata tabaka lake la juu. Likiwa kubwa na limejaa hata linauma, nawa mikono kwa sabuni, chemsha sindano dakika kumi, itoboe kando mahali pawili, ukamue maji kwa kitambaa safi, lakini usilichune paa. Paka mafuta ya mgando, ufunge. Kila mtu na sindano yake, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Lenye damu usilitoboe, na mwenye kisukari asijitoboe hata kidogo, aende kwa mganga wa zahanati. Lililokwisha kuchunika lioshwe kwa sabuni na maji safi, lipakwe mafuta ya mgando, lifungwe, na kitambaa kibadilishwe kila siku na kila kinapolowa. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa si dawa ya kidonda. Vidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, nasi twafanya kazi katika vitu hivyo hivyo. Kwa hiyo wazazi watazame kadi za chanjo za watoto wao.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa Kidato cha Nne, katika shule nisiyoitaja, mabweni yalishindana kuvuta kamba ya mkonge. Tulishinda, nami nikapata lengelenge chini ya kidole cha pete, mkono wa kuume. Nilichuna ngozi yake jioni ile ile, na kesho yake nikabeba samadi bila kusema neno, maana nilikuwa nimesifiwa kwa nguvu zangu na sikutaka kuonekana legelege. Usiku wa tatu mkono ulipwita hata sikulala. Asubuhi niliona mstari mwekundu ukipanda kutoka kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, na uvimbe kwapani. Hospitali walinipasua kiganja, wakatoa usaha, wakanichoma sindano za penisilini. Walisema ningekawia siku moja zaidi ningeweza kupoteza kidole. Mtihani wa Jiografia ulikuja nikiwa na bandeji. Nilijibu maswali mawili, karatasi ikachukuliwa. Somo nililolipenda kuliko yote, na alama yake imo katika cheti changu hata leo.

Kwa hiyo ukiona mstari kama ule, au usaha, au homa, au kidole hakikunjiki, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Zimebaki sugu zenyewe. Sugu nyembamba ni ngao, usiiondoe. Bali ikizidi unene hufanya ukingo, na kamba au mpini hukamata ukingo ule na kuing'oa yote pamoja na ngozi hai iliyo chini. Wakati wa kiangazi hupasuka, kwa kuwa kiganja hakina mafuta yake mwenyewe. Mara mbili kwa juma loweka mikono katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi, sugua polepole kwa jiwe lile lile mama zetu wasugulialo magaga ya miguu, mpaka ukingo uwe sawa na ngozi ya kando. Kisha paka mafuta ya nazi au ya mgando, ukalale. Wembe usitumike kabisa. Nimeona mmoja muhula huu aliyejikata vibaya.

Mzazi amfungashiaye mtoto wake sanduku aongeze kopo dogo la mafuta ya mgando na vitambaa viwili vya pamba. Katika ghala ya majembe sasa kuna kisanduku chenye sabuni, plasta, bandeji na msasa. Ufunguo anao kiranja wa shamba, naye ameagizwa kumpa yeyote aombaye, bila kuuliza ni wa kidato gani.